“Frateri, Kikibaki Chini ya Sifuri Naandika Nini?”



Likizo ndefu iliyopita nilipangiwa kazi za kitume katika kigango kimoja cha Temeke, ukishapita Mbagala Rangi Tatu na kushika barabara ya kwenda Chamazi. Nilitegemea kuwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, kutembelea wagonjwa na kusali na Jumuiya Ndogo Ndogo. Yote hayo niliyafanya, namshukuru Mungu. Lakini ninachotaka kuwaandikia ndugu zangu waseminari na waamini halikuwa kwenye ratiba niliyopewa na Baba Paroko. Ni habari ya hisabati, na ya daftari moja la binti wa darasa la saba ambalo bado linanisumbua moyoni.

Ilianza kama mchezo. Jumamosi moja, baada ya kipindi cha Utoto Mtakatifu, watoto wanne wa darasa la saba walibaki kwenye mabenchi wakihangaika na maswali ya mazoezi, kwa kuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi huwa mwezi wa Septemba na wao walikuwa wameshaanza kuuota usiku. Mmoja akaniita, “Frateri, shikamoo. Wewe si umesoma? Tusaidie hapa.”

Niseme ukweli wangu. Kidato cha nne nilipata D ya hisabati, na nilipoona jina langu kwenye matokeo nilicheka kwa furaha kana kwamba ni A. Kidato cha tano nikakimbilia HKL, nikaamini kwamba mimi na hesabu tumeagana salama. Kumbe mwaka wa kwanza wa falsafa kuna somo la mantiki, na ndani ya mantiki kuna jedwali la ukweli. Ukiwa na sentensi mbili unahitaji mistari minne, ukiwa na tatu unahitaji minane, na kila mstari unaujaza kwa zamu bila kuruka. Wenzangu wengi waliliona jambo hilo kavu. Mimi lilinifungua macho. Nilielewa kwamba miaka yote kilichokuwa kinanishinda katika mafumbo ya hisabati si kuzidisha wala kugawanya. Nilikuwa nasoma fumbo lote kwa mkupuo, maneno yote yananijia pamoja kama abiria wa Mbagala mlangoni mwa daladala, na hakuna anayeingia.

Basi nikawaambia wale watoto walete rula. Fumbo lao lilikuwa hili: umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe, baada ya miaka 12 umri wa baba utakuwa mara mbili ya wa mwanawe, sasa kila mmoja ana miaka mingapi? Nikachora ubaoni safu wima nne: mtoto sasa, baba sasa, mtoto baada ya miaka 12, baba baada ya miaka 12. Nikawaambia wakisie tu umri wa mtoto, wasiogope. Wakasema 5. Baba ana 15. (Wakacheka, baba gani huyo.) Baada ya miaka 12 mtoto ana 17 na baba 27, na mara mbili ya 17 ni 34. Haifai. Wakasema 10: baba 30, kisha 22 na 42. Ilitakiwa 44. Karibu! Wakaruka 11 wakaenda moja kwa moja 12: baba 36, kisha 24 na 48. Walipiga makofi mpaka katekista akachungulia dirishani.

Uzuri wa jedwali ni kwamba kukosea kunabaki kunaonekana. Yule wa 5 hakufutwa, alikaa pale juu ubaoni, na kutoka kwake tulijua twende upande gani. Mtoto aliyezoea kuchapwa kwa jibu baya anashangaa kuona jibu baya likimsaidia. Baada ya hapo ndipo tulipoandika x, 3x, x + 12 na 3x + 12 katika safu zilezile, na hapakuwa na aliyeuliza x imetoka wapi, kwa sababu kila mmoja aliona imekaa mahali pa 5, pa 10 na pa 12.

Jumamosi iliyofuata walikuja kumi na moja. Ya tatu, ishirini na saba. Wengi hawakuwa Wakatoliki. Walitoka madrasa na juzuu zao mkononi, wakazipanga vizuri dirishani, wakakaa. Baba Paroko alinitania kwamba nimeanzisha chama kipya cha kitume. Nikamjibu kwa mzaha kwamba Kanisa limeishi na majedwali tangu zamani, nikamkumbusha habari ambayo yeye ndiye aliyenifundisha: mwaka 525, pale Roma, mtawa Dionysius Exiguus alitengeneza jedwali la tarehe za Pasaka. Majedwali ya kabla yake yalihesabu miaka tangu Kaisari Diocletian, aliyewatesa Wakristo. Dionysius hakutaka jina la mtesi likae juu ya jedwali la Pasaka, akaandika miaka tangu Umwilisho wa Bwana. Alibadilisha kichwa cha safu moja, na leo dunia nzima, hata isiyosali, inaandika tarehe kwa safu ile. Niliisema habari hiyo kwa kujionyesha kidogo. Sikujua kwamba wiki mbili baadaye suala la nani anachagua kichwa cha safu lingenirudia mwenyewe.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Nasoma fumbo, nachora jedwali ubaoni, naandika vichwa vya safu, watoto wanajaza. Ilikwenda haraka na iliwapendeza. Gari la kwanza linaondoka kwa kilometa 40 kwa saa, la pili linalifuata saa moja baadaye kwa kilometa 60 kwa saa. Saa ya kwanza 40 na 0, saa ya pili 80 na 60, saa ya tatu 120 na 120, limelifikia. Mtoto mmoja alipinga kwamba barabara ya Kilwa hakuna gari linalofika 60 asubuhi. Tulimpa haki yake tukaendelea.

Kisha nikatoa fumbo la biashara. Mama aliuza maandazi na chapati, jumla 50. Andazi ni shilingi 200, chapati ni shilingi 500. Alipata shilingi 16,000. Chapati zilikuwa ngapi? Kabla sijamaliza kuchora mstari wa pili, binti mmoja aliyekaa nyuma akasema, “Ishirini.”

Nikamwuliza amejuaje. Akasimama, akasema kwa sauti ndogo, “Zote zingekuwa maandazi ingekuwa elfu kumi. Imezidi elfu sita. Kila chapati inazidi andazi kwa mia tatu. Ni ishirini.”

Darasa likanyamaza. Nilijaribu kuliokoa jedwali langu, nikajaza: chapati 0, shilingi 10,000, chapati 10, shilingi 13,000, chapati 20, shilingi 16,000. Ilikuwa kweli, lakini sote tuliona kwamba yeye alikuwa ameshafika zamani. Mama yake, niliambiwa baadaye, anauza chapati na maandazi karibu na kituo cha daladala, na binti huyu ndiye anayesimamia chenji asubuhi kabla ya shule. Lakini mitihani ya majaribio ya shuleni alikuwa anapata chini ya nusu. Penye meza ya mama yake fumbo halina maneno. Kwenye karatasi lina maneno, na maneno yalikuwa yanamfunga.

Kwa hiyo nikampa kazi ya nyumbani, nikajiona mwalimu hodari kweli. Nilimwambia, “Chukua biashara unayoijua wewe, tengeneza jedwali la wiki moja, uniletee.” Nikamchorea mwenyewe safu zake: siku, mauzo, gharama, kilichobaki.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema. Jedwali lilikuwa safi, mistari imenyooka kwa rula. Ila alikuwa ameongeza safu ambayo sikumpa, kati ya gharama na kilichobaki. Juu yake ameandika “Rejesho”. Jumatatu: mauzo 41,000, gharama 27,000, rejesho 13,000, kilichobaki 1,000. Jumanne: mauzo 39,500, gharama 27,000, rejesho 13,000, na safu ya mwisho ilikuwa tupu.

Akaniuliza, “Frateri, kikibaki chini ya sifuri naandika nini?”

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwa sababu lilikuwa swali zuri la hisabati, na mbele yangu palikuwa na ubao. Nikachora mstari wa namba, nikaonyesha sifuri katikati, nikamwambia mbona rahisi, andika alama ya kutoa kisha 500, hizi zinaitwa namba hasi. Akaandika. Akashuka mpaka Alhamisi, siku iliyonyesha mvua kubwa isiyo na msimu na wateja hawakutoka. Mauzo yalikuwa 22,000. Akaandika –18,000, akaiangalia, akafunga daftari. Mimi nikageukia wengine.

Wasomaji wa Dar es Salaam wameshaelewa. Rejesho la kila siku ni la ile mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Mimi nililiona neno lile kwa macho yangu, nikalichukulia kama kichwa cha safu.

Jumatano jioni mama yake alikuja kigangoni. Alikuwa bado na unga mkononi. Nilimwamkia, “Shikamoo mama.” Aliitikia, akakaa, akaliweka daftari juu ya benchi kati yetu.

“Frateri, mwanangu amenihesabia nyumba yangu. Ameniambia mbele ya shangazi yake kwamba tunaishi chini ya sifuri. Hilo neno amelitoa kwako?”

Nilitaka kusema nilikuwa nafundisha tu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikasema, “Ndiyo mama, limetoka kwangu. Nisamehe.” Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Alifungua daftari.

“Halafu si kweli,” akasema. “Amekosea.”

Nikadhani amekosea kutoa. Niliangalia tena, hesabu ilikuwa sahihi. Mama akaweka kidole juu ya safu ya mauzo. Kila asubuhi, alieleza, chapati nane hazifiki mezani: tano wanakula watoto na yeye, moja anaichukua fundi baiskeli anayemlindia meza anaporudi nyumbani kufuata chai, mbili zinakwenda kwa bibi jirani ambaye hana mtu. Unga wake umo kwenye gharama, mafuta yake yamo, mkaa wake umo. Kwenye mauzo hazimo. “Shilingi elfu nne hizo kila siku. Aliandika zinavyotoka, hakuandika tunavyokula. Hapa pana safu haipo.”

Nimesoma Meno ya Plato. Wenzangu wa mwaka wa pili wanakumbuka pale Sokrate anapomwita kijana mtumwa na kumwuliza namna ya kupata mraba wenye eneo maradufu. Kijana anaanza kwa kusema uongezwe upande mara mbili, anakosea, kisha taratibu anafika. Tunafundishwa kuistahi hatua ile, na naistahi. Lakini jioni ile pale benchini niliwaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza darasani: nani aliyekuwa anachora? Sokrate ndiye anayechora. Kijana anaitikia ndiyo, ndiyo. Mimi pia kwa wiki nne nilikuwa nimechora kila safu, watoto wakajaza, na nikaita kule kujaza kufikiri. Jedwali linajibu lile tu ulilolipa nafasi. Kuchagua safu ndiyo kazi yenyewe, na huwezi kuifanya kwa ajili ya mtu ambaye hujui anavyokula asubuhi.

Mama alimwita binti yake aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango wa sakristia. Akamwambia achore upya. Safari hii safu zilitajwa na mama: siku, zilizopikwa, tulizokula na kutoa, zilizouzwa, gharama, rejesho, kilichobaki. Jumanne ikawa inasomeka tofauti. Fedha taslimu bado ilikuwa pungufu kwa 500, lakini watu walikuwa wameshiba chakula cha 4,000. Biashara ilikuwa hai. Kilichokuwa kinaibana ni safu moja, na safu hiyo ilikuwa na mwisho: siku 30.

Hapo ndipo akatuambia jambo ambalo binti yake hakulijua. Alikopa 300,000. Alikatwa 20,000 ya fomu, akapokea 280,000. Anarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani 390,000. Alikuwa ameshalipa siku 11. Zilibaki siku 19, ambazo ni 247,000. Na kesho yake asubuhi alikuwa amepanga kwenda kuchukua mkopo wa pili wa kiasi kilekile ili amalizie wa kwanza, abaki na kitu cha kununulia gunia la mkaa. Alikuwa ameshawekewa jina.

Binti akauliza, “Mama, nichore?”

Mama akatikisa kichwa akubali. Sikusema neno. Jedwali lilikuwa na mistari miwili tu, “nikikopa” na “nisipokopa”. Asipokopa: mkononi leo 0, atalipa 247,000, siku 19. Akikopa: anapokea 280,000, anamalizia deni la 247,000, mkononi zinabaki 33,000, kisha atalipa 390,000, siku 30. Binti akatoa chini kwa chini. Kwa shilingi 33,000 za leo, mama yake angelipa 143,000 zaidi.

Alirudia kutoa mara mbili, nadhani alitumaini amekosea.

Mama aliitazama ile 143,000 kwa muda. Nilitamani sana aniulize, ili nimwambie usichukue. Hakuniuliza. Aliinuka, akajifuta unga kwenye khanga, akasema atalala nalo. Nilipomsimulia Baba Paroko usiku ule, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Umefanya vizuri kunyamaza. Wewe hujui huo mkaa usiponunuliwa kinatokea nini.” Kweli sikujua. Hiyo nayo ilikuwa safu.

Jumamosi iliyofuata sikuchora kitu. Nilisoma fumbo, nikaweka chaki mezani, nikauliza, “Tunataka safu gani?” Ilikuwa vurugu. Fumbo moja lilichukua nusu saa. Kulikuwa na fumbo la bomba mbili zinazojaza tangi, mtoto mmoja akataka safu ya maji yanayoibwa na majirani, tukabishana kama fumbo linasema habari hiyo au halisemi. Watoto watatu waliozoea kupata zote walikasirika, mmoja hakurudi tena, na sijui kama nilimtendea haki, kwa maana mtihani wa Septemba hautoi nusu saa kwa swali. Nilimfuata kwao mara moja. Nyanya yake akaniambia amekwenda kujisomea kwa rafiki. Wengine walianza taratibu kuwa na tabia mpya: kabla ya kushika rula wanauliza, nini tunakijua, nini hatukijui, na nini hakijasemwa. Yule binti alikuwa anauliza la tatu kuliko wote.

Jumapili yangu ya mwisho, baada ya Misa, mama yake alinipa daftari nilitazame kabla sijaondoka. Lilikuwa limefika siku ya 24. Hakuchukua ule mkopo wa pili. Siku mbili safu ya rejesho ilikuwa na neno “kikundi” badala ya namba, maana yake wenzake walimlipia na sasa anadaiwa na wenzake. Mwandiko haukuwa wa binti tena. Ulikuwa wa mtu mzima, mkubwa, unaotoka nje ya mistari. Na kulikuwa na safu mpya, nyembamba, imebanwa pembeni kabisa kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha: “Sadaka”. Kila Jumapili 500. Jumapili iliyofuata ile Alhamisi ya mvua pia, 500.

Akaniuliza, “Frateri, hii inatolewa kabla ya kilichobaki au baada?”

Nilimwambia sijui. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akasema basi ataiacha hapo hapo pembeni.

Atakayepangiwa kigango kile likizo ijayo, chaki zipo kwa katekista kwenye kopo la maziwa. Ubao una ufa upande wa kulia, usiandike namba pale zinapotea. Watoto wanakuja Jumamosi saa nane mchana, wale wa madrasa saa nane na nusu, wasubirini.

Frateri, mwaka wa pili wa falsafa.